Tajiri kakataza kuchaji simu kazini na mimi ndiye mkusanya chaja

*"Shikamoo. Nafanya kazi kwenye duka na stoo ya vifaa vya uvuvi hapa Mwanza, tunauza nyavu, maboya, kamba, taa za dagaa na spea za mashine za boti. Tupo wafanyakazi 14 na mimi ni msaidizi wa msimamizi. Miezi mitatu iliyopita tajiri alikuja asubuhi akakuta Luku imeisha, akawaka, akasema kuanzia leo hakuna kuchaji simu kwa umeme wa kampuni, ukikamatwa faini elfu tano, na mimi ndiye nizikusanye chaja na hizo faini. Tangu siku hiyo ofisi imekuwa nyingine. Watu wanafanya kazi ila sio kama zamani. Wateja wa visiwani wanalalamika wakipiga simu hatupatikani, juzi mzigo wa mteja wa Nansio ulikosa meli ya mchana kwasababu simu ya kijana wa stoo ilikuwa imezima tangu saa tano. Tajiri anasema ni uzembe. Wenzangu wananiita mnoko. Nina elfu 35 za faini kwenye bahasha, hajawahi hata kuziulizia. Mwezi ujao napelekwa Sengerema kufungua tawi, nitakuwa na watu watano chini yangu. Je najikuza kuumizwa na kitu kidogo kama chaja? Nimwambie tajiri au ninyamaze niende zangu? Na nifanyeje huko nisije nikawa kama yeye? Jumapili usiku siku hizi silali."*

Marahaba mdogo wangu. Pole na hongera kwa pamoja, pole ya chaja na hongera ya Sengerema. Umeuliza maswali matatu lakini nikikusoma naona la nne umelificha katikati, kwamba hizo chaja zimekusanywa kwa mkono wako wewe na sasa hujui utawatazamaje wenzako. Nitafika huko. Tuanze na hilo la kujikuza.

Hujikuzi hata kidogo. Karibu kila mtu anayekuja kwangu na mambo ya kazini anaanza hivohivo, "samahani lakini ni kitu kidogo," halafu ukimsikiliza unakuta hicho kidogo ndo kimebeba mzigo wote. Mshahara ukichelewa wiki mbili watu wananung'unika lakini wanavumilia, kwasababu kila mtu Mwanza anajua biashara ya ziwa ina majira yake, mbalamwezi ikitoka wavuvi wa dagaa wanapumzika na duka la nyavu linapumzika nao. Jambo kubwa likikuumiza huwa lina sababu unayoweza kuiona. Hili la chaja halina, au lina sababu ndogo mno kiasi kwamba mtu akitafuta maana yake anabaki na jibu moja tu, kwamba tajiri hatuhesabu. Hapo ndo panapouma.

Na tupige hesabu kabisa maana watu wanabishana juu ya umeme bila namba. Simu janja ya kawaida siku hizi betri yake ni mAh 5,000 hivi, ile namba wanayoandika kwenye boksi. Ukiichaji kutoka sifuri mpaka ijae, pamoja na umeme unaopotelea kwenye chaja yenyewe, inakula kama wati-saa 25. Yuniti moja ya Luku ni wati-saa 1,000. Kwahiyo yuniti moja inajaza simu 40. Nyie mpo 14, tuseme kila mmoja anachaji kutoka sifuri kila siku ya kazi, siku 26 za mwezi, hizo ni simu 364, yaani yuniti tisa na kidogo. Kwa mteja wa kawaida elfu kumi ya Luku inatoa yuniti kama 28, basi hizo tisa ni kama shilingi 3,300. Kwa mwezi mzima, watu wote 14! Kiyoyozi cha ofisi moja kikipuliza mfululizo kinakula karibu yuniti nzima kwa saa moja, na jagi la umeme la kuchemshia maji ya chai ukilichemsha mara moja limeshamaliza umeme wa simu nne. Luku yenu inaishia sehemu nyingine kabisa, na huenda aliyeikuta imeisha asubuhi ile ndiye aliyeacha kitu kinawaka usiku.

Sasa geuza daftari upande wa pili, ule ambao tajiri hajawahi kuuandika. Oda za Ukerewe, za Kome, za Ukara zinaingia kwa simu za nani? Picha za spea zinatumwa WhatsApp kwa bando la nani? Tuseme watu watano tu kati yenu ndo wanaoongea na wateja na kila mmoja anatumia bando la buku kwa siku, hiyo ni laki moja na elfu thelathini kwa mwezi inayotoka mifukoni kwa wafanyakazi kwenda kwenye biashara ya tajiri, na hakuna aliyewahi kumdai. Kuna na kubwa zaidi ya bando. Namba za wateja zimeseviwa kwenye simu za vijana, na kijana ndo anayekumbuka kwamba yule mama wa Nansio anataka nyavu za macho gani na ana tabia ya kulipa nusu mzigo ukiingia melini na nusu ukifika. Haya yote yalikuwa yanatolewa bure. Kuna kitu kidogo kilikuwa kinarudi upande wa pili, soketi pale chini ya kaunta na ruhusa ya kuitumia bila kuomba.

Kwenye taaluma yetu ya mambo ya watu kazini hili tunaliita mkataba wa kisaikolojia. Mtafiti Chris Argyris aliligusia mwaka 1960 na mwenzake Denise Rousseau akalichambua kwa kina kuanzia 1989. Yaani ukiacha ule mkataba uliousaini kuna mwingine ambao haujaandikwa popote, wa mimi nakufanyia hiki usichonilipia na wewe unaniachia kile usichonidai. Tabu yake ni kwamba hauonekani mpaka uvunjwe, na anayeuvunja mara nyingi hajui kama ameuvunja, anadhani amebana matumizi tu. Tajiri wako aliokoa elfu tatu. Vijana nao wakaanza kuhesabu, maana yeye ndiye aliyewafundisha kuhesabu, simu ikizima saa tano inazima, kwani ya kampuni? Hakuna aliyeitisha kikao wala aliyegoma, ni ule mgomo baridi, watu wameacha kujiongeza. Kijana wa stoo aliyekosa meli ya mchana hakufanya uzembe, alifanya kazi kamili kama alivyoajiriwa, kilichopungua ni kile cha ziada ambacho hakikuwahi kuwa kwenye ajira yake. Na ukimwita ukamwambia mzembe unazidi kuharibu.

Mambo haya yapo hata mwaloni kunakoshushwa samaki wala hayahitaji mtu aende chuo. Uliza wenye boti wa sangara watakwambia, tajiri akianza kubana kitoweo cha wavuvi, kile kisamaki cha kupeleka nyumbani, wavuvi hawabishani naye hata kidogo, ndiyo bosi, sawa bosi, halafu samaki wanauzwa hukohuko majini kabla boti haijagusa mchanga na mafuta yanaonekana yamekula zaidi ya kawaida. Tajiri anaajiri mtu wa kulinda. Halafu anaajiri wa kumlinda mlinzi. Mwenye boti anayejua kazi anaacha kitoweo kitoke mbele ya macho yake, anajua ni kiasi gani, na analala.

Kuna utafiti mmoja napenda kuwasimulia wasimamizi. Mtafiti Jerald Greenberg alichapisha mwaka 1990 habari za viwanda vitatu vya kampuni moja huko Marekani, kampuni ilipoteza mikataba ikabidi ikate mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki kumi kwenye viwanda viwili, cha tatu hakikuguswa. Kiwanda kimoja wafanyakazi walikalishwa wakaelezwa kwa kirefu, wakaonyeshwa namba, bosi akasema kabisa kwamba inamuuma na akajibu maswali. Kingine walipewa taarifa fupi, mshahara unapungua, asanteni. Wizi wa vifaa uliongezeka kote kuwili walikokatwa, lakini kule kwenye taarifa fupi uliongezeka zaidi sana, na mishahara iliporudi wizi nao ukashuka. Ona hapo, makato ni yaleyale, asilimia ileile, kilichotofautiana ni namna walivyoambiwa. Kwahiyo hata kama tajiri wako angekuwa na haki ya kufunga soketi zote, ile asubuhi ya kufoka mlangoni ndo iliyofanya kazi kubwa ya kubomoa.

Na faini nayo ina mambo yake. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio kwenye vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto, vituo vikaweka faini, na wazazi wakazidi kuchelewa. Zamani mzazi akichelewa alikuwa anamwonea aibu mwalimu anayemsubiri, sasa aibu ikawa na bei, analipa anaondoka. Lakini kinachokuhusu wewe ni mwisho wake, faini ilipofutwa wazazi hawakurudi kuwahi kama zamani. Ile aibu ilikuwa imeshakufa. Nakwambia hivi ili usije ukadhani tajiri akiondoa katazo kimyakimya basi Jumatatu mambo yatakuwa kama mwanzo. Hayatakuwa. Itabidi mtu aseme neno.

Baada ya kusema yote hayo ngoja nimtetee kidogo huyo tajiri, maana naona wenzako wameshamhukumu kuwa ana roho mbaya na wewe unaelekea hukohuko. Mtu aliyeamka na mawazo ya mkopo wa benki, na kontena la nyavu lililokwama, na wateja wa mali kauli wasiopokea simu, akifika akakuta giza dukani kwake anashika kile kilicho karibu anachoweza kukiamuru. Mkopo hauamrishwi. Chaja zinaamrishwa. Nimeona hili kwa mabosi wakorofi na nimeliona kwa mabosi wazuri pia, tofauti yao ni kwamba mzuri kesho yake anarudi anasema jana nilikuwa na hasira, hebu tuliangalie upya. Tena inawezekana ana hoja ambayo hakuisema vizuri. Mnauza spea za mashine, pengine kuna petroli na oili humo ndani, na zile ekstensheni za bei rahisi zinazorukiana moja juu ya nyingine na chaja kumi zinaning'inia, hilo ni janga linasubiri siku. Angesema "naogopa moto" mngemuelewa dakika ileile. Au labda amechoka kuona mteja amesimama kaunta na kijana anaangalia video. Hilo nalo ni kosa la kweli, ila dawa yake ni kuongea na huyo kijana, mbona kuadhibu soketi?

Na usidhani bosi mzuri ni bosi laini. Wafanyakazi wa huku kwetu wanavumilia ukali kuliko watu wanavyofikiri, wanajua mtu mkali lakini wa haki, wanamsema wakiwa kwenye chai na bado wanamfia kazini. Wasichovumilia ni kuhesabiwa vijisenti na mtu ambaye yeye mwenyewe hahesabiwi.

Sasa umwambie au unyamaze? Kunyamaza kuna faida yake, sitakudanganya. Umebakiza wiki chache, tawi la Sengerema ni hatua kubwa kwako, na tajiri mwenye hasira anaweza akabadili jina kwenye karatasi kwa dakika moja. Kama una watoto ada inakusubiri na huna akiba, kunyamaza sio woga, ni hesabu, na asikusimange mtu. Lakini ukinyamaza unakwenda kule na jina la mnoko, na Sengerema sio mbali, stoo ya Mwanza ndo itakayokufungia mizigo yako. Unawahitaji hao vijana. Kuandika barua ya pamoja na kusaini wote 14 mimi kwa jambo hili sikushauri, inamweka mzee ukutani na mtu akiwekwa ukutani hata kama kakosea atakaza. Barua ya pamoja iacheni kwa mambo ya mishahara au usalama.

Ninachoona unaweza ni kwenda mwenyewe, ila uende na namba. Kuanzia kesho mkifungua asubuhi andika yuniti zilizobaki kwenye mita, mkifunga jioni andika tena, na asubuhi yake tena uone usiku zimeliwa ngapi. Fanya wiki moja. Kama kuna friji, kiyoyozi, pampu ya maji au taa za nje zinazowaka mpaka mchana utaviona humo. Kabla hujaenda kwa tajiri mwambie msimamizi wako, usimruke, akisikia kwa mlango wa nyuma umeongeza adui. Halafu chagua saa. Asubuhi hapana, na mbele ya watu kamwe. Jioni hesabu zikishafungwa, siku ambayo mauzo yamekaa vizuri, unasema kitu kama: "Mzee, ulipotupa agizo la Luku niliona nifuatilie inaishia wapi. Nimeandika wiki nzima, naomba dakika kumi nikuonyeshe." Umeona hapo, unaendelea na jambo alilolianzisha yeye, hujaja kumwambia kakosea. Muonyeshe yuniti za usiku. Halafu mwambie la meli ya Nansio, mzigo ulikuwa wa shilingi ngapi, na kwamba simu iliyozima ilikuwa ya kijana mwenyewe na bando la kijana mwenyewe. Usiongeze neno hapo. Muache apige hesabu, ni mfanyabiashara, ataipiga haraka kuliko mimi na wewe.

Na uwe na pendekezo mkononi maana bosi akiletewa tatizo tupu anarudisha hasira. Ninayoipenda zaidi ni kampuni inunue simu moja ya oda, laini ya kampuni, bando la kampuni, inakaa kaunta na inachajiwa palepale, ambayo kwa kweli ndivyo ilivyotakiwa iwe tangu mwanzo, kwasababu siku kijana akiacha kazi anaondoka na wateja wote wa Ukara mfukoni. Za wafanyakazi zitengewe sehemu moja yenye soketi nzuri iliyofungwa na fundi umeme, mbali na mafuta, na kwenye kaunta simu binafsi hazikai. Hapo mzee anapata nidhamu aliyoitaka, watu wanapata chaji, na akisema mbele yenu kwamba ameamua utaratibu mpya, pigeni makofi muwe mmemaliza. Usimlazimishe akiri kosa. Akikiri ni bonasi, ila neno moja la "ile asubuhi nilikuwa mkali" lingesaidia sana, na kama mna mtu mzima anayemheshimu, mhasibu wa siku nyingi au ndugu yake, huyo ndo wa kumnong'oneza.

Akikataa? Basi amekataa, umeme ni wake na sheria haimlazimishi mwajiri kukuchajia simu. Lakini kwenye faini hapo nataka uwe macho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mwajiri uhuru wa kukata mshahara anavyojisikia. Makato yanatakiwa yawe yameruhusiwa na sheria, au mkataba wa pamoja, au amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi kulipa deni. Na hata pale mfanyakazi aliposababisha hasara kwa kosa lake, mwajiri anatakiwa ampe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu ilivyopatikana, ampe nafasi ya kupinga, asidai zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Elfu tano kwa umeme wa shilingi tisa haipiti popote hapo. Kwahiyo hilo la kukusanya faini ndilo unaloweza kulikataa kwa adabu, "mzee naomba hili lipite kwa mhasibu na karatasi, naogopa likija kuulizwa jina langu ndo litatajwa," na ni kweli litatajwa. Ikifika mtu anakatwa kweli kwenye mshahara au anatishiwa kufukuzwa, msibaki mnalalamika kwenye chai. Nendeni kwa afisa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile mnayoiita CMA, ofisi ipo hapahapa Mwanza, na kama kuna wanachama wa TUICO, kile chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kati yenu anzieni kwao. Angalieni siku pia, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30 na mingine ndani ya siku 60, watu wengi wanapoteza haki yao kwa kusubiri bosi apoe.

Kuhusu wenzako, usiwakusanye kuwahutubia. Zungumza na mmoja mmoja, anza na yule wa stoo, mwambie tu nilitumwa nikafanya, sikuuliza, na ningepaswa kuuliza. Ishia hapo, usimtupie mzee lawama ili wewe utoke msafi, watakushangilia leo na kesho watajiuliza ukiwa Sengerema utawasema vipi wao. Na zile chaja kama bado zipo kwenye boksi chini ya meza yako, za watu ni za watu, kila mmoja arudishiwe yake akachajie nyumbani.

Tukija kwenye hilo la kutokuwa kama yeye. Unadhani hatari ipo kwenye tabia, kwamba wewe ni mpole hivyo huwezi. Hatari ipo kwenye nafasi. Utakuwa kule na watu watano, na kila jioni simu ya Mwanza inauliza mauzo ngapi, stoo imebaki nini, mbona mafuta ya bodaboda yameongezeka. Tena siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, tajiri hangoji kivuko tena, anaweza akatokea mlangoni kwako kabla hujamaliza chai. Presha hiyo itatafuta mahali pa kutokea, na pa karibu kabisa ni hao watano. Siku hesabu imepungua elfu ishirini utajikuta unatunga sheria mdomoni, hakuna kutoka saa ya chakula, hakuna kukaa kwenye kiti mteja akiwepo. Sheria iliyotungwa saa mbili asubuhi kwa hasira ya Luku huwa haijui inachokifunga. Iandike kwenye karatasi, iweke mfukoni, uitazame kesho yake. Nyingi utazitupa mwenyewe.

Ikibaki ile ambayo bado unaona ina maana, kabla hujaitangaza muulize yule itakayemgusa zaidi, nikifunga hiki nini kitasimama? Yeye anajua kuliko wewe. Kama tajiri angemuuliza kijana wa stoo swali hilo angejibiwa "mzee, oda za visiwani zinapita humu," na habari ingeishia hapo. Halafu ukitangaza sema na sababu, sema na mwisho wake, tutafanya hivi mpaka mwisho wa mwezi tuone, na iwe inakubana na wewe. Ukikataza simu kaunta na yako iende kwenye droo.

Mwezi wa kwanza fanya zoezi moja, andika kwenye daftari lako kila kitu ambacho watu wako wanakufanyia bila kulipwa. Anayekuja na pikipiki yake kubeba boya, anayebaki nusu saa mvua ikinyesha, anayemtafsiria mteja mzee asiyeongea ila Kisukuma tupu. Utashangaa. Ukishaliona daftari hilo, siku ya kukata kitu kidogo mkono utakuwa mzito. Na pale unapoweza kulipa kilicho cha kulipwa, lipa, usijenge biashara juu ya wema wa watu, saa za ziada ni saa za ziada na sheria imeweka malipo yake ni mara moja na nusu. Kitu kingine, usianze kule kwa kumsema tajiri ili upendwe. Inanoga wiki ya kwanza, halafu siku umeletewa agizo lake ambalo ni la haki kabisa hakuna atakayelifuata.

Hilo la usingizi usilichukulie poa. Kukosa usingizi Jumapili moja mbili ni mawazo ya kazi, likiwa la kila wiki, au moyo unakwenda mbio, au umeanza kuhitaji kitu cha kunywa ndo ulale, nenda ukaonane na daktari, hospitali ya Sekou Toure au Bugando au kituo cha afya kilicho karibu, upimwe presha na uongee. Usiniandikie mimi kwa hilo, nenda ana kwa ana.

Na ile bahasha. Iondoke kwenye droo yako wiki hii, usihame nayo wala usiiache. Andika karatasi, nani alitoa, siku gani, kiasi gani, jumla elfu 35. Mpe tajiri karatasi hiyo siku ileile ya mazungumzo ya Luku na umwombe akubali ziwarudie wenyewe. Akikubali, kila mtu asaini amepokea chake. Akikataa, zikabidhi kwa mhasibu na akusainie wewe, nakala moja ubaki nayo nyumbani.